Arrow wa Montserrat: mwenye "Hot Hot Hot" ni huyu

Kwanza tuelewane: soca hutamkwa kama soka yetu, lakini hapa hakuna mpira. Ni muziki wa Karibi, na nitamzungumzia Arrow, mwimbaji ambaye wimbo wake umesafiri kuliko jina lake. Nitazipitia dhana nne potofu, moja moja.

Dhana: "Hot Hot Hot" ni wimbo wa Buster Poindexter.

Wamarekani wengi watakuapia hivyo, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Wimbo ni wa Arrow, jina lake halisi Alphonsus Cassell, mzaliwa wa Montserrat, kisiwa cha Karibi, 1949. Aliutoa mwaka 1982, na aliyeupanga muziki wake ni Leston Paul wa Trinidad. Poindexter, jina la jukwaani la mwimbaji David Johansen wa New York, aliurudia mwaka 1987. Video yake ikapigwa sana kwenye televisheni, basi walioukutia hapo wakadhani ndiko ulikozaliwa. Kumbe ulikuwa umeshatikisa visiwa vyote vya Karibi, umefika Uingereza, na Babla na Kanchan wa India walikuwa na toleo lao la Kihindi. Siri yake ni nyepesi kueleza na ngumu kuiga: tarumbeta zinazoita bila kupumzika, na kiitikio ambacho hata asiyejua neno la Kiingereza anakidaka mara ya kwanza. Ndiyo maana harusini bibi na mjukuu husimama pamoja.

Dhana: Soca ni reggae iliyoharakishwa, na Arrow alikuwa Mjamaika.

Reggae ni ya Jamaika. Soca ilizaliwa Trinidad miaka ya 1970 mikononi mwa mwanamuziki Lord Shorty, aliyeona kalipso, muziki wa asili wa Trinidad, inafunikwa na reggae na soul. Akaichanganya na midundo ya ngoma za Wahindi, wajukuu wa vibarua walioletwa kulima miwa. Arrow hakuwa wa Jamaika wala Trinidad. Kwao ni kisiwa cha kilomita za mraba kama 102 tu, chini ya Uingereza. Wapo mashabiki wa kalipso ya zamani waliomlaumu kwa kuingiza zouk na merenge, midundo ya visiwa vingine vya Karibi, na magitaa ya roki. Kwa maoni yangu, ujasiri huo ndio uliomtoa kisiwani. Angeimba kwa kuogopa wakosoaji, leo tusingemjua.

Dhana: Alibahatika na wimbo mmoja.

Alikuwa ametwaa taji la Mfalme wa Kalipso wa Montserrat mara nne, tena kwenye nyumba ambayo kaka zake nao walikuwa waimba kalipso. Baadaye zikaja "Long Time" na "Groove Master". Anayeijua "Hot Hot Hot" peke yake aanze na "Long Time", asikilize jinsi anavyoiendesha bendi.

Dhana: Mtu wa muziki wa sherehe hana la kusema siku ya msiba.

Mwaka 1995 volkano ya Soufrière Hills iliamka. Mji mkuu, Plymouth, ukafukiwa na majivu, na watu wengi wakalazimika kuhama kisiwa. Arrow, aliyekuwa pia mfanyabiashara mwenye duka la nguo za kiume, alikuwa miongoni mwa waliochangisha fedha za kuwasaidia wenzao. Tarehe 15 Septemba 1997 lilifanyika tamasha la kuichangia Montserrat katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, likiandaliwa na George Martin, mtayarishaji wa muziki aliyewahi kuwa na studio kisiwani humo. Walikuwepo Paul McCartney, Elton John, Sting na Eric Clapton. Katikati ya majina hayo makubwa alisimama Arrow, mwana wa kisiwa chenyewe, akaimba "Hot Hot Hot" kwa ajili ya watu wake waliokuwa wamepoteza nyumba.

Alifariki Montserrat tarehe 15 Septemba 2010, miaka 13 kamili tangu usiku ule.