Je, wajua kwa nini mtu wa Hawaii huishi miaka mingi kuliko mtu wa Mississippi?

Mwaka 2020 wastani wa umri wa kuishi katika jimbo la Hawaii ulikuwa miaka 80.7, ilhali katika jimbo la Mississippi ulikuwa miaka 71.9. Hiyo ni tofauti ya karibu miaka 9 kati ya raia wa nchi moja, wenye pasipoti moja na rais mmoja. Wengi wetu tukiitaja Marekani huiwazia kama mahali penye hali moja ya maisha, na ndiyo maana jamaa aliyeshinda bahati nasibu ya viza huulizwa anaondoka lini, lakini ni nadra kuulizwa anakwenda jimbo gani. Swali hilo la pili ndilo zito.

Mizizi ya tofauti hii imo ndani ya katiba yenyewe. Marekebisho ya Kumi, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanayaachia majimbo au wananchi mamlaka yote ambayo katiba haikuyakabidhi kwa serikali ya shirikisho. Kwa hiyo mambo mengi yanayomgusa mtu kila siku, kama vile shule, kodi na sehemu kubwa ya sheria za kazi na afya, huamuliwa na bunge la jimbo lake.

Tuanze na mshahara. Kima cha chini cha taifa ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu Julai 2009. Mississippi haina sheria yake ya kima cha chini, hivyo hufuata hichohicho, wakati jimbo la Washington lilipanga dola 16.66 kwa mwaka 2025. Kwa viwango hivyo vya mwaka 2025, mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki zote 52, hupata dola 15,080 kwa mwaka kule Mississippi na takriban dola 34,650 kule Washington, kabla ya makato.

Katika afya mambo ni mazito zaidi. Sheria ya bima ya mwaka 2010 ilikusudia kuwa Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo, iwafikie karibu watu wazima wote walio maskini, lakini mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba majimbo hayawezi kulazimishwa kuipanua. Majimbo 40 yameipanua. Mississippi ni miongoni mwa 10 ambayo hayajafanya hivyo. Mtazame sasa yule mfanyakazi wa dola 15,080, tuseme ni mzaliwa wa huko, anaishi peke yake na hana mtoto. Kwa mwaka 2025, ruzuku ya kununua bima binafsi ilianzia kwenye kipato cha dola 15,060, kwa hiyo yeye alikuwa juu ya mstari kwa dola 20 tu. Akitarajia kupunguziwa saa 3 za kazi katika mwaka mzima, anaangukia chini ya mstari: ruzuku hapati, na Medicaid ya jimbo lake haimpokei. Kwa kipato hichohicho, Washington ingempa Medicaid. Binafsi naona hesabu hii ya saa 3 inaeleza mengi kuliko orodha yoyote ya majimbo bora.

Ni kweli kwamba maisha ya Mississippi ni nafuu. Bei zake ziko chini ya wastani wa taifa kwa zaidi ya asilimia 10, na za California ziko juu ya wastani huo kwa kiasi kama hicho. Kodi ya pango ya California ni kubwa mno hivi kwamba, umaskini ukipimwa kwa kuhesabu gharama za makazi, jimbo hilo tajiri huwa miongoni mwa yanayoongoza kwa umaskini. Hata hivyo, unafuu wa bei haujairefusha miaka ya watu wa Mississippi.

Wala tofauti hizi si za kudumu tangu enzi na enzi. Mwaka 1959 watu wa Oklahoma na watu wa Connecticut walikuwa na wastani uleule wa umri wa kuishi, miaka 71.1. Kufikia mwaka 2017 Connecticut ilikuwa imefika miaka 80.7, na Oklahoma 75.8. Watafiti waliofuatilia mwachano huo wameuhusisha na sheria ambazo kila jimbo lilijitungia katika miongo hiyo, zikiwemo zile za kazi, tumbaku na mazingira.