Kutazama konekta za barua pepe kwa amri hakubadilishi kitu

Wasimamizi wengi wa seva za Exchange, mfumo wa barua pepe wa Microsoft, huamini kwamba kufungua dirisha la amri ni kuhatarisha barua za ofisi nzima, hivyo hubaki kwenye kurasa za kubofya. Hofu hiyo inaeleweka: barua zikikwama, simu hazikomi.

Lakini katika PowerShell, yaani dirisha hilo la amri, neno la kwanza la amri ndilo hutaja kazi yake. Get husoma tu. Set, New na Remove ni kati ya zinazobadilisha. Andika:

Get-ReceiveConnector | Format-List

Utaona mipangilio ya kila konekta ya kupokea, yaani mlango ambao barua huingilia kwenye seva, hata mipangilio isiyoonekana kwenye ukurasa wa usimamizi. Mfano ni mstari huu: TarpitInterval : 00:00:05. Hizo ni sekunde 5 ambazo seva husubiri kabla ya kumjibu anayeelekea kuvuna anwani, yaani kujaribu majina mengi ili ajue anwani zipi zipo. Ukiacha Format-List utapata jedwali fupi, na hapo ndipo wengi hudhani wameona yote. Konekta za kutuma zina Get-SendConnector.

Una shaka na amri yoyote? Tanguliza Get-Help mbele ya jina lake, usome maelezo kabla ya kuiendesha. Mimi huhifadhi pia matokeo kwenye faili kwa amri ya Out-File kabla sijagusa chochote. Baadaye nikilinganisha mafaili mawili, mstari uliobadilika hujitokeza.