Kubadili jinsia kwa samaki wa matumbawe: maana yake na jinsi kunavyotokea

Kubadili jinsia, kwa maana ya kibiolojia, ni hali ya samaki mmoja kuzaliana kwanza akiwa jike na baadaye akiwa dume, au kinyume chake, katika maisha yale yale. Si suala la tabia wala rangi peke yake. Ovari iliyokuwa ikitoa mayai hunywea, seli zake za mayai hufa, na mahali pake hujengeka korodani inayotoa manii. Samaki wa namna hii ni huntha wa zamu. Wapo pia huntha wa wakati mmoja, kama hamleti wa bahari ya Karibi mwenye mayai na manii kwa pamoja, lakini hao ni wachache.

Kwenye miamba ya matumbawe njia iliyozoeleka ni ya jike kuwa dume. Ndiyo njia ya pono, ya chewa wengi, ya antiasi wale wadogo wa rangi ya chungwa wanaoelea makundi kwa makundi juu ya matumbawe, na ya samaki msafishaji mwenye mstari mweusi ubavuni. Samaki wa anemoni, anayeishi kati ya mikono ya mnyama wa baharini aitwaye anemoni, hufuata njia ya pili: huanza dume, akafika kileleni akiwa jike. Gobi fulani, samaki wadogo wanaoishi ndani ya matawi ya matumbawe, huweza kwenda na kurudi, kwa sababu kutoka tawi moja hadi jingine kutafuta mwenzi ni kujipeleka kinywani mwa wawindaji. Gobi wawili wa jinsia moja wakikutana tawini, mmoja wao atabadilika.

Kwa pono mabadiliko haya huonekana hata sokoni. Katika spishi nyingi, pono wa awamu ya kwanza ana rangi ya kahawia, kijivu au wekundu uliofifia, na mara nyingi ni jike. Wa awamu ya mwisho ni mkubwa zaidi, mwenye kijani na buluu iliyokolea, na huyo ni dume. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba wanasayansi wa zamani waliwapa jike na dume wa spishi moja majina mawili, wakidhani ni samaki tofauti. Orodha ya pono ilipopitiwa upya ilipungua sana, na leo spishi zinazotambuliwa ni 100 hivi. Hapo lakini pana mtego. Baadhi ya pono wadogo wenye rangi ya jike ni madume tangu mwanzo. Hawamiliki eneo, hujipenyeza wakati dume mkubwa anapotaga na jike, wakamwaga manii yao na kukimbia. Kwa hiyo rangi iliyofifia haithibitishi kuwa samaki ni jike.

Kinachothibitisha ni tumbo. Ukimpasua samaki aliyekomaa, ovari huwa na rangi ya manjano au ya waridi na chembechembe za mayai zinazoonekana, ilhali korodani ni nyeupe na laini. Kwa pono na jamaa zake, korodani iliyotokana na ovari hubaki na uwazi katikati, alama ya ovari ya zamani, na ya dume wa tangu mwanzo haina uwazi huo. Hilo hutazamwa kwa hadubini. Ukikuta tishu za jinsia zote mbili usikimbilie kusema samaki anabadilika: kwa samaki wa anemoni, dume wa kawaida kabisa hubeba tishu za ovari zisizofanya kazi.

Msukumo wa mabadiliko hutoka kwenye jamii ya samaki wenyewe. Mwaka 1972 mwanabiolojia Ross Robertson alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa samaki msafishaji katika kisiwa cha Heron, Australia. Dume mmoja huishi na majike kadhaa waliopangana kwa ukubwa. Dume akitoweka, jike mkubwa huanza kuwatishia wenzake kwa mikogo ya kidume ndani ya saa mbili hivi, na baada ya siku 14 hadi 18 tayari ana manii. Dume wa jirani akiwahi kuvamia eneo na kumshinda kabla hajajikita, jike huyo hurudi kwenye ujike wake.

Tabia hutangulia, mwili hufuata. Kwa samaki wa Karibi aitwaye kichwa-buluu, hata majike walioondolewa ovari huanza kujiendesha kidume wakiachwa bila dume, ishara kwamba ubongo ndio unaotoa amri. Ndani ya ovari kuna kimeng'enya kiitwacho aromatesi, ambacho hugeuza testosteroni, homoni ya kidume, kuwa estrojeni, homoni ya kike, na estrojeni ndiyo inayoishikilia ovari ibaki ovari. Amri ikifika, jeni ya aromatesi huzimwa. Estrojeni hushuka, seli za mayai hufa, homoni za kidume hupanda. Kwa kichwa-buluu ovari huisha na korodani kukamilika katika wiki tatu hivi.

Kwa nini baadhi huanza jike na wengine dume? Jibu lililotolewa na mwanabiolojia Michael Ghiselin mwaka 1969 bado lina nguvu: samaki hufaidika kuwa, akiwa mkubwa, jinsia ile ambayo ukubwa unailipa zaidi. Pale dume mmoja anapolinda majike wengi, dume mdogo anayeshindana naye uso kwa uso hupata watoto wachache sana. Bora uanze kama jike, utage, ukue, kisha uchukue eneo. Kwa samaki wa anemoni hakuna majike wengi wa kulinda. Anemoni moja kwa kawaida ina jozi moja inayozaa. Dume mdogo ana manii ya kutosha mayai yote, lakini idadi ya mayai hutegemea mwili wa jike. Kwa hiyo mkubwa huwa jike.

Foleni ndani ya anemoni ni kali ajabu, na kwangu hii ndiyo sehemu ya kuvutia kuliko zote. Mkubwa ni jike, wa pili ni dume, wengine ni wadogo wasiozaa. Peter Buston, aliyechunguza samaki hawa Papua New Guinea, alionyesha mwaka 2003 kwamba wadogo huzuia ukuaji wao wenyewe, kila mmoja akibaki karibu asilimia 80 ya urefu wa aliye mbele yake. Anayekua kupita kiasi hufukuzwa, na samaki wa anemoni asiye na anemoni haishi muda mrefu. Jike akifa, dume huwa jike na mkubwa miongoni mwa waliobaki hupanda kuwa dume. Kwenye pwani yetu utawaona kwa Amphiprion akallopisos, mwenye rangi ya chungwa hafifu na mstari mweupe mgongoni, na Amphiprion allardi mwenye pingili mbili nyeupe. Yule wa katuni mwenye pingili tatu haishi huku.

Wengine huchanganya mabadiliko ya jinsia na ya umri. Samaki malaika wa kifalme akiwa mchanga ni wa buluu mwenye duara nyeupe, akikomaa anakuwa na mistari ya manjano. Huko ni kukua tu, jinsia haihusiki.

Kwa mvuvi na msimamizi wa bahari dhana hii ina uzito. Sheria ya ukubwa wa chini peke yake huelekeza mishipi na mikuki kwa wakubwa, na kwa pono na chewa wakubwa ndio madume. Katika Ghuba ya Meksiko, chewa aina ya gag walikuwa na madume asilimia 17 hivi miaka ya 1970. Miaka ya 1990 walibaki takriban asilimia 2. Majike huweza kubadilika wakiwa wadogo zaidi, lakini mabadiliko huchukua wiki, na msimu wa kutaga haungoji. Ndiyo maana kwa samaki hawa huhitajika pia ukubwa wa juu, yaani mkubwa kupita kipimo fulani arudishwe majini, au kufunga uvuvi mahali na wakati wanapokusanyika kutaga. Madema yenye upenyo wa kutorokea huokoa wachanga na samaki wembamba. Dume mnene wa chewa hayamsaidii.

Kwa anayefuga samaki wa anemoni kwenye tangi, chagua wawili wachanga waliopishana ukubwa kidogo. Mkubwa atakuwa jike. Mdogo akimlalia ubavu na kutetemeka mbele yake, amekubali nafasi yake. Kuwaweka majike wawili waliokomaa huishia kwa mapigano na kifo, kwa sababu jike harudi kuwa dume. Jike akifa usinunue jike mwingine mkubwa: aliyebaki huenda ameshaanza kubadilika. Mletee mdogo kuliko yeye.