Mbwa Mwenye Kisukari: Maswali na Majibu kwa Wafugaji wa Nairobi

Nitajuaje kwamba mbwa wangu ana kisukari?

Dalili inayoonekana mapema ni kiu. Bakuli la maji lililokuwa likitosha kutwa huisha kabla ya adhuhuri, mbwa hukojoa mara kwa mara, na ijapokuwa anakula kwa pupa, anazidi kukonda. Macho nayo huweza kufunikwa na mtoto wa jicho. Kwa kuwa ugonjwa wa figo pia huleta kiu, ni lazima damu na mkojo vipimwe na daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Je, ugonjwa huu hupona?

Kwa kawaida mbwa haponi, lakini akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka mingi kwa raha. Kongosho lake halitoi insulini ya kutosha, yaani homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kwa hiyo atahitaji sindano za insulini maisha yake yote. Vidonge vya kisukari vya binadamu haviwezi kuchukua nafasi ya sindano hizo.

Mtu asiye daktari atamdungaje?

Wengi huogopa jambo hili kuliko ugonjwa wenyewe, na ninawaelewa, ila sindano ni nyembamba mno na mbwa wengi huizoea upesi. Mlishe kwanza, tuseme saa moja asubuhi na saa moja jioni, kisha inua ngozi iliyolegea nyuma ya mabega kwa vidole viwili, uchome chini ya mkunjo huo. Hakikisha bomba la sindano linalingana na chupa: insulini ya binadamu kwa kawaida huwa na yuniti 100 kwa mililita, ilhali ile ya wanyama mara nyingi huwa na 40, na ukitumia bomba la 40 kuvuta dawa ya 100, utampa mara mbili na nusu ya kipimo chake.

Akikataa kula?

Usimpe kipimo kamili. Mpigie daktari kwanza, kwani insulini bila chakula hushusha sukari kupita kiasi. Ukimwona anayumba, anatetemeka au amelegea, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi, kisha umkimbize kwa daktari. Akiwa katika degedege, usitie vidole katikati ya meno yake.

Ale nini?

Chakula kilekile, kiasi kilekile, kila siku, kama daktari alivyoelekeza. Mandazi na mabaki ya chapati anayotupiwa na watoto huvuruga hesabu yote. Bablish zisizo na sukari ziwekwe mbali naye kabisa, kwa sababu zailitoli iliyomo, kitia utamu kinachotumika badala ya sukari, inaweza kumuua. Jike afungwe kizazi, maana homoni za kipindi cha joto, yaani anapotaka dume, huzuia insulini kufanya kazi.

Umeme ukikatika?

Insulini huhifadhiwa kwenye friji, na friji iliyofungwa hubaki baridi kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiifungue ovyo. Usiiweke insulini kwenye sehemu ya kugandisha, na ikiganda, itupe.

Nikikwama kwenye foleni ya magari jioni?

Mfundishe mtu mwingine nyumbani mapema, mkiwa mbele ya daktari, na mweke daftari karibu na friji ambamo kila anayedunga anaandika saa, kipimo na kama mbwa amekula. Anayefika nyumbani asome daftari kabla ya kugusa chupa, na asipokuwa na hakika kama mbwa amekwisha kudungwa, asimdunge tena. Kukosa sindano moja hakuna hatari kubwa kama kupewa mbili.