Tupa Ndani ya Mkate: Riwaya Ninazozisoma Tena Nikijua Mwisho

Nakala yetu haikuwa na kurasa za mwisho. Hapa Lamu hewa ya bahari hula gundi ya kitabu kwanza, kisha wadudu hugawana kilichobaki, na kitabu hiki nilikipata Mombasa kikiwa tayari kikuukuu, kwa muuzaji anayetandaza bidhaa zake chini juu ya turubai. Kilikuwa riwaya ya upelelezi. Nilikuwa nikimsomea mama mkubwa kila siku baada ya swala ya alasiri, tumekaa kiwandani, yaani uani, penye mwanga, kwa kuwa macho yake yana mtoto wa jicho na herufi hazioni tena. Tukafika pale mpelelezi anapowakusanya watu wote sebuleni na kuufunga mlango. Nikageuza ukurasa, nikakutana na jalada.

Nilidhani atasikitika. Yeye akanyamaza kidogo, akautengeneza mtandio wake, akasema, "Ni yule wa ufunguo."

"Ufunguo upi, mama?"

"Ngoja kwanda. Rudi nyuma, siku ile ya karamu. Palitajwa ufunguo. Soma pale polepole."

Nikarudi nyuma kurasa 80 hivi. Sentensi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Juu ya meza palikuwa na sahani ya tambi, birika la kahawa, ufunguo, na kikombe kilichokatika mkono. Mimi niliyekisoma kwa macho nilikikumbuka kikombe, maana kitu kilichovunjika humvuta mtu, tena kiliwekwa mwisho, mahali ambapo sauti ya msomaji hutua. Ufunguo ulikaa wa tatu, umebanwa kati ya kahawa na kikombe, na jicho langu liliupita kama mtu anavyopita mlango uliofungwa. Mama mkubwa hakuweza kuupita. Anayesikiliza hupewa maneno moja moja, na kila neno analipokea.

Jina la kitabu silitaji, kwa kuwa nimekwisha kuifichua hila yake na huenda kuna anayetaka kukisoma. Lakini siku ile ilinifunza kitu ambacho miaka 19 ya kufundisha fasihi haikuwa imenifunza, na ndicho kilichonikalisha kuandika leo.

Darasani tunawafundisha wanafunzi kwamba taharuki ni ile hamu ya kutaka kujua kitakachotokea. Wanaikariri, wanaiandika katika mtihani, wanapata alama. Mimi siku hizi naiona tafsiri hiyo ni nusu tu. Kama taharuki ingekuwa hamu ya kujua mwisho, basi ukishaujua mwisho ingekufa, na kitabu kingekuwa kama ganda la nazi. Sivyo ilivyo. Na ushahidi wangu wa kwanza siutoi katika riwaya, nautoa nyumbani.

Nani katika visiwa hivi asiyejua habari za Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa pwani yetu? Amefungwa gerezani. Mama yake anampelekea chakula kila siku, na walinzi wanakula kizuri wanamwachia makapi. Liyongo anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake na maneno ya mafumbo, na mama anayafumbua: anaoka mkate wa wishwa, yaani pumba za nafaka, na ndani yake anatia tupa, kile chombo cha kukerezea chuma. Walinzi wanautazama mkate, wanaona ni wishwa, wanaudharau, wanaupitisha. Halafu Liyongo anaomba ngoma ya gungu ichezwe, na ndani ya kelele za ngoma na matwazi anakata pingu zake.

Nimeisikia habari hiyo tangu sijaanza shule. Nimeisoma katika utendi uliotoka mkononi mwa Muhamadi Kijuma wa hapa kwetu mwaka 1913. Na bado mkate unapofika mbele ya walinzi, moyo wangu husimama. Kujua kwangu hakupunguzi chochote. Kunaongeza, maana mimi najua kilichomo ndani ya mkate na mlinzi hajui, na mkono wake umeushika.

Hapo ndipo ninapopaona pa taharuki: katika tofauti ya ujuzi. Kuna anayejua na asiyejua, na wote wawili wako chumba kimoja. Mwandishi anaweza kumweka msomaji upande wa wasiojua, kama katika riwaya ya upelelezi, au upande wa wanaojua, kama katika mkate wa wishwa. Aliye bingwa hutuvusha kutoka upande mmoja hadi wa pili bila sisi kuhisi tumevuka. Tazama mwisho wa Liyongo. Tunajua kwamba siri ya mauti yake ni sindano ya shaba kitovuni. Tunajua mwanawe ameahidiwa nini ili amuue. Liyongo mwenyewe anahisi, na bado anamwambia mwanawe siri hiyo. Kisha watu wa mji wanakiogopa kisima siku baada ya siku kwa sababu yeye amepiga goti pale, upinde mkononi na mshale umetiwa, na hawajui kwamba amekwisha kufa. Sisi tunajua. Katika riwaya za kusisimua nilizosoma kwa lugha yoyote, sijakutana na mahali panaponibana kifua kuliko kisima kile.

Sasa nije kwenye riwaya zenyewe.

Mzee wetu katika upelelezi wa Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ukatoka kitabu mwaka 1960, na ndani yake ndimo tulimomwona mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Maiti imekutwa mzimuni, mahali pa matambiko, na watu wako tayari kusema mzimu umeua. Bwana Msa anakataa. Anauliza maswali ya kawaida: nani alikuwa wapi, nani anamrithi nani. Ninachokipenda ni kwamba mwandishi hamdharau anayeogopa mzimu. Anaijua hofu ile, amelelewa nayo, na kwa hiyo anaitumia: msomaji anatazama mzimuni, na kumbe jambo liko kwenye ukoo na mali. Ni ule ule ufunguo wa katikati ya meza. Soma mara ya pili na utaona kwamba hukudanganywa popote. Ulitazamishwa kwingine tu.

Kudanganya na kutazamisha kwingine ni vitu viwili mbali kabisa, na mimi hupima riwaya kwa hapo. Agatha Christie, Mwingereza bingwa wa riwaya za upelelezi, alitoa mwaka 1926 The Murder of Roger Ackroyd, kitabu kilichowakasirisha baadhi ya wasomaji wakati ule. Siri yake siifichui. Nasema tu kwamba nilipokirudia nikiwa na kalamu ya risasi mkononi, nilikuta sentensi baada ya sentensi zilizokuwa za kweli tupu, zimesemwa wazi mbele yangu, na mimi niliyetafsiri vibaya. Hiyo ni heshima kwa msomaji. Kinyume chake ni mwandishi anayemleta ndugu pacha katika sura ya mwisho ambaye hajatajwa popote. Huyo ametuibia.

Kwenye riwaya za majasusi na bastola nitapita upesi. Nilizipenda sana nikiwa na miaka 16, zile za kutoka Dar es Salaam, tulizokuwa tukiazimana mpaka majalada yanakatika. Zilinifundisha mbio za sentensi, na nazishukuru kwa hilo. Nyingi zake nilipozirudia nikiwa mtu mzima hazikunishika, kwa sababu mashaka yake yote yalikuwa katika swali moja, kwamba shujaa atapona au hatapona, na mimi najua atapona kwa kuwa kuna kitabu kingine baada ya hiki.

Wanafunzi wangu leo husoma riwaya za mapenzi kwenye simu, zinazotumwa vipande vipande, sehemu ya 1, sehemu ya 2, na kila kipande kinaishia na "itaendelea". Wapo walimu wanaozichukia. Mimi siwezi kumchukia mtoto anayesubiri saa tatu usiku ifike ili asome. Naomba tu waandishi wake, ambao baadhi yao wana vipaji vikubwa, wajaribu jambo moja: wachukue sehemu 20 wazisome kwa mfululizo, kwa sauti. Watasikia wenyewe. Kila sehemu inaishia mlango ukigongwa kwa nguvu, na kila inayofuata inaanza kwamba aliyegonga ni jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mara ya kwanza msomaji anashtuka, na kufikia ya tano anajua ni chumvi.

Mapenzi yanahitaji taharuki kuliko hata mauaji, na hili watu hulisahau. Katika riwaya ya mapenzi karibu kila msomaji anaujua mwisho toka jalada. Basi kinachombakisha ni nini? Ni kizuizi, na uzito wa kizuizi hicho. Mtu wa Lamu analielewa hili bila kuelezwa. Vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi kwamba punda akija unajibanza ukutani. Kila aliyepita ameonekana na kila aliyeonekana ametajwa. Wazee walijenga wikio, vyumba vya kuvukia juu ya njia, ili mwanamke avuke nyumba hadi nyumba asionekane na mpita njia. Mahali pa namna hii, wawili wanaopendana hawahitaji jambazi wa kuwatenganisha. Macho ya watu yanatosha.

Ndiyo maana Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, naihesabu miongoni mwa riwaya kubwa za mapenzi tulizonazo, ingawa wengi huifundisha kama riwaya ya siasa. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa mzee Raza akiwa bado mdogo. Anatoka katika ndoa ile, na anakuja kumpenda Denge, anayewindwa na serikali ya kikoloni Unguja. Kila wanapokutana kuna vizuizi vitatu chumbani: kabila, ukoo na polisi. Hakuna hata kimoja kilichobuniwa ili kurefusha hadithi. Vyote vilikuwepo mjini kabla wao hawajaonana. Nikiisoma tena sisubiri kujua yatakayowapata, kwa sababu nayajua. Nasubiri kuona wanavyokaa nayo.

Na upande wa pili wa dunia, Uingereza, kuna Jane Austen, ambaye riwaya ya Pride and Prejudice yake ilitoka mwaka 1813, mwaka unaotajwa kuwa ndio Ngome ya Lamu ilipoanza kujengwa. Niliisoma chuoni kwa kulazimishwa na sikuipenda. Niliona ni wanawake wanaongojea wachumba tu. Miaka ikapita, nikairudia, nikafika kwenye barua. Darcy, bwana tajiri, amemposa Elizabeth na kukataliwa. Kesho yake anampa Elizabeth barua ndefu inayoeleza mambo ambayo Elizabeth aliyahesabu kuwa makosa ya Darcy. Elizabeth anaisoma kwa hasira, haraka, hamwamini. Anaikunja. Haipiti nusu dakika anaikunjua tena, na safari hii anasoma neno kwa neno, anarudi kwenye mistari ileile, anapima kila alilokuwa analiamini. Anatembea saa mbili njiani na barua ile. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyekimbizwa, na mimi nilikuwa nimeshika pumzi.

Kilichonishika ni kwamba Austen ameweka katikati ya kitabu chake mtu anayerudia kusoma. Habari haikubadilika, barua ni ileile. Aliyebadilika ni msomaji wake. Na ukirudi sasa kwenye sura za mwanzo utakuta Darcy hakuwahi kuwa yule tuliyemdhania. Tuliangalia kikombe kilichovunjika.

Baada ya hapo neno klasiki lilikoma kunitisha. Zamani nilidhani klasiki ni kitabu kilichozeeka na kuwekwa kwenye silabasi. Shaaban Robert aliitoa Kusadikika mwaka 1951, na watoto huiogopa kwa ajili ya lugha yake. Mimi huwaambia waanzie na jambo moja: Karama yuko kizimbani, anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi nyingine, wakarudi na mema, wakafungwa. Kila mjumbe anayefungwa ndani ya hadithi anaongeza uzito wa swali kuhusu yeye anayesimulia. Ni taharuki safi kabisa. Nikiwaeleza hivyo, wengine huirudia lugha ile ngumu wenyewe, bila kusukumwa.

Mwezi uliopita nilipata nakala nzima ya kile kitabu chetu. Mwanafunzi wangu wa zamani alikiona Malindi akanitumia kwa mtu anayekuja, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya maji ya mashua. Nikakifungua kwenye sura ya mwisho, nikasoma nikiwa nimesimama jikoni. Kisha nikaenda kiwandani nikamwambia mama mkubwa kwamba mwisho tumeupata, na nikaanza kuutafuta ukurasa.

Akanishika mkono. "Weka huo," akasema. "Nisomee kwanda siku ya karamu, pale mezani. Nataka kumsikia akiuweka ule ufunguo."