Walihama Kijiji Kizima: Kufuatilia Koo za Waholanzi wa Michigan na Iowa

Anayetafuta asili ya ukoo wa Kiholanzi kwenye mashamba ya Michigan au Iowa kwa kawaida huanza na jina la ukoo. Huliandika kwenye kompyuta, akaletewa mamia ya watu wenye jina hilohilo, na hapo hukwama. Sisi tunaotunza nyaraka humshauri aliweke jina kando kwanza, aulize maswali mawili: walisali kanisa gani, na waliopakana nao shambani walikuwa akina nani? Waholanzi wengi wa katikati ya karne ya 19 hawakwenda Marekani kila mtu kivyake. Walihama na mchungaji wao, mashemeji zao na majirani wa kijiji kilekile. Ukimpata jirani, umekaribia kumpata babu.

Chimbuko la safari hiyo liko Ulrum, kijiji cha mkoa wa Groningen. Mwaka 1834 mchungaji Hendrik de Cock na waumini wake walijitenga na kanisa kuu la nchi, lililokuwa chini ya mkono wa serikali. Waliofuata njia hiyo walizuiwa kukusanyika zaidi ya watu 20 bila kibali. Walitozwa faini, wachungaji wao wakawekwa ndani, na baadhi ya familia zikalazimishwa kulaza na kulisha askari nyumbani mwao. Miongoni mwa wachungaji waliopata misukosuko hiyo walikuwa Albertus van Raalte na Hendrik Scholte. Halafu mwaka 1845 ugonjwa wa mimea uitwao bakajani chelewa ukaozesha viazi, chakula kikuu cha maskini, na mwaka uliofuata hali haikuwa nafuu.

Wajukuu husimulia kwamba wazee walikimbia kwa ajili ya imani. Simulizi hiyo ina ukweli, tena mkubwa, maana waliojitenga walikuwa sehemu ndogo sana ya wananchi lakini walijaa kwenye meli za miaka hiyo. Ila kufikia 1846 mateso yalikuwa yamepungua mno, na tunao ushahidi ulioandikwa siku zilezile. Kuanzia 1847 serikali ya Uholanzi iliagiza kila mkoa uandike orodha ya wanaohama. Ukiufungua ukurasa mmoja unakuta mstari kwa kila kaya: jina la mkuu wa kaya, kazi yake, dhehebu lake, kama anaondoka na mke, watoto au watumishi, hali yake ya kipato (anajiweza, wa kati, au fukara), aendako, na sababu ya kuondoka. Katika safu ya sababu, jibu linalojirudia kuliko yote ni kutafuta maisha bora. Kibarua wa shamba mwenye watoto sita aliyeandikwa fukara alikuwa na imani yake, na alikuwa na njaa pia. Kwa maoni yangu, mjukuu anayezishika sababu zote mbili ndiye anayewatendea haki wazee wake. Mwanahistoria Robert Swierenga alikusanya orodha hizo pamoja kwa miaka ya 1835 hadi 1880, na kazi yake ndiyo mlango wa kwanza wa mtafiti yeyote.

Van Raalte alishuka New York Novemba 1846, na tarehe 9 Februari 1847 kundi lake likaanza kufyeka msitu karibu na Ziwa Michigan, mahali walipopaita Holland. Kiangazi hicho walifika watu wa mkoa wa Zeeland wakiongozwa na mkulima tajiri, Jannes van de Luyster, wakajenga Zeeland yao. Ramani ya eneo hilo hadi leo ni msaada mkubwa kwa mtafiti: Vriesland, Drenthe, Overisel, kila kimoja kikitaja mkoa ambako wenyeji wake wengi walitoka. Babu aliyezikwa Drenthe ya Michigan, anza kumtafuta Drenthe ya Uholanzi. Angalizo ni Graafschap, kwani watu wake wengi walitoka Bentheim, upande wa Ujerumani, na kumbukumbu zao ziko huko. Wakatoliki nao walikuwa na safari yao: mwaka 1848 padri Theodore van den Broek aliongoza waumini wa kwao hadi Little Chute, Wisconsin.

Wako ambao hawakufika. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba 1847, meli ya Phoenix iliungua Ziwa Michigan ikiwa imebakiza maili chache kufika Sheboygan. Wahamiaji wa Kiholanzi wasiopungua 150 walikufa, wengi wao familia nzima nzima. Ukoo unaokatika ghafla mwaka huo usiuache kabla ya kuuliza habari za Phoenix.

Jambo moja husahaulika katika vitabu vingi vya familia. Ardhi ile ilikuwa na watu. Karibu na Holland palikuwa na jumuiya ya Waodawa, wenyeji asilia wa Marekani, pamoja na misheni yao. Baada ya miaka miwili ya kubanana na wageni, mwaka 1849 walihamia kaskazini. Iowa nako, Scholte alipofika Agosti 1847 na watu wapatao 800 na kuanzisha Pella, Wasauk na Wameskwaki walikuwa wametia saini mkataba wa kuondoka miaka mitano tu kabla, 1842. Ndiyo maana serikali iliweza kuuza ekari kwa dola 1.25. Historia ya shamba la ukoo ikianzia siku ya hati ya kwanza, imeanzia katikati.

Sasa turudi kwenye majina, kwa sababu hapa ndipo koo nyingi huchanganywa. Wakulima wengi wa kaskazini na mashariki hawakuwa na jina la ukoo la kudumu hadi amri ya Napoleon ya mwaka 1811; kabla ya hapo mtu alijulikana kwa jina la baba yake au la shamba alilokaa. Kwa hiyo kaka wawili wanaweza kuwa na majina tofauti bila kosa la karani. Watoto walipewa majina kwa utaratibu ambao hata familia nyingi za kwetu zinaujua: mara nyingi wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti wakapewa majina ya bibi. Tuseme kitabu cha ubatizo kina Jan wa mwaka 1851, kisha Jan mwingine wa wazazi walewale mwaka 1853. Usidhani karani alirudia. Mtoto wa kwanza alikufa, na jina la babu likarudishwa kwa aliyefuata. Miti mingi ya ukoo kwenye intaneti imemuoza marehemu wa mwaka mmoja na kumpa watoto tisa.

Wanawake ndio ufunguo ambao watafiti wengi hawautumii. Katika kumbukumbu za Uholanzi mwanamke aliyeolewa anaandikwa kwa jina la kwao hadi kaburini. Akifika Marekani anakuwa mke wa fulani, basi, na jina la kwao linapotea kwenye sensa. Vitabu vya makanisa ya Kiholanzi vya Michigan na Iowa mara nyingi viliendelea na desturi ya zamani, hivyo bibi anayeonekana kwenye sensa kama Nellie tu unaweza kumkuta kanisani akiwa Pieternella, pamoja na jina la baba yake. Na ile hadithi kwamba majina yalibadilishwa na maofisa wa Ellis Island haina msingi: kituo hicho kilifunguliwa 1892, wengi wa wazee hawa wakiwa wameshavuna kwa miaka 40, na maofisa walifanya kazi na orodha za meli. Majina waliyabadilisha wenyewe taratibu, shuleni, benki na sokoni.

Usipomwona bibi kwenye kitabu cha kanisa moja, tembea hadi kanisa la pili. Mwaka 1857 baadhi ya washirika wa Michigan walijitenga tena na kuunda kanisa ambalo leo linaitwa Christian Reformed. Nyaraka nyingi za hao ziko Chuo Kikuu cha Calvin, Grand Rapids.

Hamu ya ardhi haikuisha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1860 mashamba ya Pella yalikuwa ghali kwa vijana, na mwaka 1870 Henry Hospers aliwaongoza watu hadi Sioux County, kaskazini-magharibi mwa Iowa, wakaanzisha Orange City. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi hadi ekari 160 akikaa na kulima miaka mitano. Nzige wa miaka ya 1870 walikula mazao yao hadi wengine wakakata tamaa. Aliyevumilia alipeleka ushahidi, na jalada lake, lililo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, linaeleza ukubwa wa nyumba, ekari alizolima, kaya yake na karatasi za uraia. Majirani wawili walimtolea ushuhuda. Majina yao yaandike, mara nyingi ni ndugu.

Mwaka 1918 gavana wa Iowa, William Harding, alipiga marufuku lugha za kigeni shuleni, kanisani, hadharani, hata kwenye simu. Makanisa mengi yaliharakisha kuhamia Kiingereza, na vizazi viwili baadaye mjukuu akajikuta hawezi kusoma Biblia ya bibi yake, yenye tarehe za kuzaliwa na vifo katika kurasa za mbele. Biblia hizo bado zinatupwa nyumba zinapouzwa. Tafadhali zileteni tuzipige picha.

Mmoja wa koo hizi unagusa upande wetu wa bahari. Samuel Zwemer alizaliwa 1867 Vriesland, Michigan, mtoto wa mchungaji mhamiaji. Mwaka 1889 yeye na James Cantine walianzisha Misheni ya Arabia, iliyofika Basra, Bahrain na Muscat. Mdogo wake, Peter, ndiye aliyekaa Muscat, na mwaka 1896 alikabidhiwa watoto 18 wa Kiafrika waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Akawafungulia shule, akafariki 1898. Mtafiti wa utumwa katika Ghuba afahamu kwamba sehemu ya ushahidi wake imehifadhiwa na kanisa la wakulima wa Kiholanzi.

Kwa anayeanza leo: sensa ya Marekani ya 1950 iko wazi tangu Aprili 2022. Itumie kurudi nyuma miaka kumi kumi hadi ya 1900 inayotaja mwaka wa kuhamia; ukiendelea nyuma zaidi, ruka ya 1890 ambayo karibu yote iliharibiwa na moto wa 1921. Ukishapata mwaka na kijiji, ingia WieWasWie, kanzidata ya Uholanzi. Huko kumbukumbu za kuzaliwa hufunguliwa baada ya miaka 100, ndoa 75, na vifo 50.