Goti linalovimba baada ya mechi: gegedu linapoharibika kimyakimya

Mchezaji wa kulipwa anayekuja kwetu kutibiwa akiwa na goti lililojaa maji huwa na swali moja: nitarudi lini uwanjani? Sisi huanza na maswali mengine. Limevimba mara ngapi msimu huu, na kila lilipovimba ulifanyiwa nini? Majibu hufanana sana: maji yalivutwa, sindano ikadungwa, na wikiendi iliyofuata akacheza dakika zote 90.

Gegedu ni tabaka jeupe linaloteleza, lililofunika ncha za mifupa pale fupa la paja linapokutana na muundi na kilegesambwa, yaani kifupa cha mbele ya goti. Katika sehemu kubwa ya goti lina unene wa milimita 2 hadi 4 tu, na nyuma ya kilegesambwa huwa nene zaidi. Halina mishipa ya damu wala ya fahamu, na mambo hayo mawili ndiyo yanayoeleza karibu kila kitu kuhusu majeraha yake. Kwa kukosa damu, hulishwa na ute wa goti, unaoingia na kutoka kila linapobanwa na kuachiwa, kama sifongo. Jeraha lake likiwa la ndani ya gegedu lenyewe, haliwezi kujiponya ipasavyo. Na kwa kukosa mishipa ya fahamu, linaweza kuchanika mwenyewe asihisi kitu. Maumivu huja baadaye, mfupa ulio chini yake unapoanza kubeba mzigo usiouzoea, au utando wa ndani wa goti unapochokozwa na chembe zilizomeguka. Utando huo ndio unaomwaga maji ya ziada. Kwa hiyo uvimbe unaorudi mara kwa mara ni ishara nzito kuliko maumivu, hata kama mchezaji anakimbia vizuri.

Wengine huumia kwa tukio moja: njumu zimenasa ardhini, mwili umegeuka, kano ya msalaba ya mbele, inayolishikilia goti lisiyumbe, inakatika, na mifupa miwili inagongana kwa nguvu hadi gegedu linapasuka. Wengine huharibika polepole kwa miaka ya kuruka, kutua na kushika breki ghafla. Hatari inayonisumbua zaidi ni ile ya kuondolewa menisko, kile kipande cha umbo la herufi C kinachopunguza mshindo kati ya mifupa. Kukatwa kwa menisko ya upande wa nje humrudisha mchezaji uwanjani haraka, na klabu hufurahi. Lakini gegedu lililobaki bila kinga linaweza kulika kwa kasi ndani ya msimu huohuo. Ikiwezekana kushonwa, ishonwe, hata kama mapumziko yatakuwa marefu.

Picha ya MRI, inayopigwa kwa mashine ya sumaku, husaidia sana, ila isisomwe peke yake. Wachezaji wengi wasio na dalili yoyote huonyesha kasoro za gegedu kwenye picha, na kumfanyia mtu upasuaji kwa ajili ya picha ni kosa.

Upasuaji una njia kadhaa. Ya kutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa ili damu itoke na kuganda juu ya jeraha ilienezwa na Richard Steadman, daktari wa Marekani, kuanzia miaka ya 1980. Ni rahisi, lakini kinachoota ni tishu ya kovu, dhaifu kuliko gegedu halisi, na kwa wachezaji wengi nafuu hupungua baada ya miaka michache. Kwa jeraha dogo, daktari anaweza kuhamisha kipande cha mfupa pamoja na gegedu lake kutoka sehemu isiyobeba uzito mkubwa. Wachezaji wa njia hii mara nyingi hurudi mapema zaidi. Kwa jeraha kubwa kuna kuotesha seli za mgonjwa mwenyewe maabara kisha kuzipandikiza, kazi iliyotangazwa na madaktari wa Gothenburg, Sweden, mwaka 1994. Hiyo hudai subira ya mwaka mzima hivi.

Ledley King, nahodha wa Tottenham Hotspur, alicheza miaka yake ya mwisho bila kuweza kufanya mazoezi na wenzake katikati ya wiki, kwa sababu goti lilikuwa limeishiwa gegedu na kuvimba baada ya kila mechi. Alistaafu mwaka 2012 akiwa na miaka 31. Kipaji chake kilimwezesha kufanya hivyo. Kijana wa akademi asichukuliwe kuwa anaweza.

Kuhusu sindano: steroidi, dawa za kushusha uvimbe, zikirudiwarudiwa hudhoofisha gegedu, na dawa za ganzi zinazodungwa ndani ya goti zimeonekana kudhuru seli zake. Kumdunga mchezaji ili amalize mechi juu ya goti lililovimba ni jambo ambalo sitalikubali, iwe fainali au mechi ya kirafiki.

Kurudi uwanjani kupimwe kwa goti lenyewe. Lisivimbe kesho yake baada ya mazoezi makali, likunjike na kunyooka lote, na misuli ya paja ifikie angalau asilimia 90 ya nguvu za ule mguu mwingine usioumia. Likivimba, mzigo upunguzwe siku hiyohiyo.

Mchezaji anapohama klabu, adai nakala za picha zake zote, ripoti za upasuaji na orodha ya sindano alizodungwa. Wachezaji wastaafu hupata kusagika kwa magoti zaidi kuliko watu wa rika lao, na daktari atakayemwona akiwa na miaka 45 atazihitaji karatasi hizo.